Mungu wetu hajakatwa vipande kama yai

Swali lenu la wiki hii mmeuliza, Mkristo akisema Mungu ni mmoja halafu hapohapo anataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, anamaanisha nini hasa? Nimelisoma nikaona siwezi kulipita hivihivi, maana nafundisha watoto wa kipaimara parokiani kwetu hapa Tanga, na hili ndo swali linalorudi kila mwaka, tena sio kwa watoto tu.

Jirani yangu ni bibi mmoja Mwislamu, tangu nahamia mtaa huu amenichukulia kama mwanae. Siku moja tumekaa barazani tunachambua mchicha akaniuliza, "Mwanangu, hivi nyie Mungu wenu ni wangapi?" Hakuuliza kwa ubaya, yeye tangu yuko chuoni mdogo amefundishwa Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, alitaka kujua tu. Nikamwambia mmoja bibi. Akasema mbona mnataja watatu. Basi nikamletea ule mfano tuliofundishwa wote, wa yai, kwamba kuna ganda, kuna ute, kuna kiini, vitu vitatu lakini yai ni moja. Akatulia kidogo akaniuliza, "Sasa ganda peke yake ni yai?"

Sikuwa na jibu, na nilipokuja kulifikiria nikaona bibi ana haki kabisa. Ganda sio yai. Mfano ule unamkata Mungu vipande vitatu, wakati imani yetu haijawahi kusema Baba ni theluthi ya Mungu. Tunasema Baba ni Mungu mzima, Mwana ni Mungu mzima, Roho ni Mungu mzima, na Mungu ni huyohuyo mmoja. Na mifano mingine nayo haisaidii. Ule wa maji, mara barafu mara mvuke, unamfanya awe mmoja anayebadilisha sura tu, na hilo Kanisa lilishalikataa tangu karne ya 3 wakati wa Sabelio, mwalimu aliyefundisha hivyo kule Roma, maana pale Yordani Yesu alipobatizwa, Mwana yuko ndani ya maji, Roho anashuka kama hua na sauti ya Baba inasikika kutoka mbinguni, yote kwa wakati mmoja, na pale Gethsemani kama Baba na Mwana ni yuleyule aliyebadilika sura basi Yesu alikuwa anasali kwa nani? Mafiga matatu ndo mbaya kabisa, yale ni mawe matatu kweli, kilicho kimoja pale ni chungu.

Kwangu mimi tunakosea pa kuanzia. Tunaanza na tatu halafu tunahangaika kuzirudisha ziwe moja, wakati Biblia yenyewe inaanza na mmoja. Yesu alipoulizwa amri ya kwanza ni ipi alijibu kwa maneno ambayo kila Myahudi alikuwa anayasali, yako Kumbukumbu la Torati 6:4, "Sikia, Israeli, Bwana Mungu wetu ni Bwana mmoja." Petro, Yohane, Paulo, wote wamekua na sala hiyo mdomoni, hao sio watu wa kuongeza mungu wa pili. Paulo akiwaandikia Wakorinto, na Korinto ilijaa sanamu mpaka nyama ya sokoni watu walikuwa wanajiuliza imetambikiwa nani, anawaambia "kwetu sisi Mungu ni mmoja tu, aliye Baba", na kwenye sentensi hiyohiyo anaendelea "na Bwana mmoja Yesu Kristo". Yani ameichukua ile sala ya Mungu mmoja akamtaja Yesu ndani yake, hajamweka pembeni.

Na hapa ndo nataka wasomaji wenzangu wanielewe kwa sababu wengi wanadhani Utatu, yani fundisho hili la Mungu mmoja Baba, Mwana na Roho, ulitungwa na watu waliochoka kuamini Mungu mmoja. Ni kinyume chake jamani! Kule Aleksandria kulikuwa na padre anaitwa Ario, akafundisha kwamba Mwana ni kiumbe, mkubwa kuliko viumbe vyote lakini ameumbwa, kulikuwa na wakati hakuwepo. Ukisikia haraka unaona huyu ndo anamlinda Mungu mmoja. Ila Wakristo walikuwa tayari wanamwabudu Yesu, wanamwomba, wanabatiza kwa jina lake, kwa hiyo kama ni kiumbe basi wote wanaabudu kiumbe, au wana Mungu mkubwa na mungu mdogo. Atanasi, aliyekuwa askofu wa Aleksandria, ndo alilishikilia hilo, na kwa msimamo wake alifukuzwa kwenye kiti chake cha uaskofu mara 5. Mtaguso wa Nikea, yani mkutano wa maaskofu, mwaka 325, kwenye mji ambao leo uko Uturuki, ulimkataa Ario, na maneno ya mtaguso huo bado yako kwenye Nasadiki, ile kanuni ya imani tunayosema Jumapili, "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba".

Umungu mmoja! Tunalipita mbio pale kanisani kama vile tunawahi kukaa. Halijasema umungu unaofanana, wala umungu wa kugawiwa, limesema mmoja. Na "kuzaliwa" pale sio kuzaa kwa mwili kulikomtia bibi wasiwasi, hakuna mama pale wala siku ya kuzaliwa, ni mwanga kwa mwanga, tangu milele yote.

Gregori wa Nyssa, askofu wa karne ya 4, naye aliulizwa, kama Petro, Yakobo na Yohane wana ubinadamu mmoja na tunawaita watu watatu, kwa nini tusiseme miungu watatu? Katika majibu yake kuna hili ambalo mimi linanitosha, kwamba watu watatu kila mmoja ana kazi yake hata wakilima shamba moja, lakini kwa Mungu kazi ni moja, inatoka kwa Baba, inapitia kwa Mwana, inakamilika katika Roho, hakuna siku Mwana anaokoa Baba akiwa kwenye shughuli nyingine. Ndo maana Yesu aliagiza tubatize kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, kwa jina, hakusema kwa majina.

Bibi nilirudi kumweleza hivi bila yai. Hakukubali, na sikutegemea akubali, ila alisema sasa angalau amejua tunachokisema. Mwaka huu darasani nimeanza na Kumbukumbu 6:4, watoto wameikariri wiki mbili nzima kabla sijataja neno Utatu, halafu ndo tukaenda Yordani.