Ulichokiona angani, kiandike na saa yake

Mwezi uliopita niliwaomba wasomaji walio Nairobi wapande juu ya paa, watazame angani kwa nusu saa, kisha waniandikie walichokiona na wanachotaka kujua. Mmeniandikia kwa wingi, na nawashukuru. Leo najibu maswali manane, nikianza na lile lililoulizwa na watu wengi zaidi.

Jumanne jioni tuliona taa kama ishirini zikipita angani kwa mstari mmoja, zimefuatana kama siafu, bila sauti yoyote. Ploti nzima ilitoka nje. Ni nini? (Msomaji, Kasarani)

Ni setilaiti za intaneti za Starlink. Hurushwa nyingi kwa roketi moja (kundi la kwanza, Mei 2019, lilikuwa na 60), na siku za mwanzo huwa bado zimefuatana. Baadaye hupanda juu zaidi na kuachana. Hazina taa: huko juu jua bado linazipiga ingawa kwetu limeshatua, ndiyo maana utaziona muda mfupi baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, si usiku wa manane. Nimefurahi kwamba ulizihesabu. Mara nyingine andika pia zilikotoka na zilikoelekea.

Nimeweka akiba shilingi elfu kumi na tano. Kuna duka mjini linauza darubini iliyoandikwa kwamba inakuza mara 525. Niichukue? (Kijana, Ongata Rongai)

Usiichukue, ndugu yangu. Jambo la kuuliza dukani ni upana wa lenzi ya mbele, kwa sababu hiyo ndiyo inayokusanya mwanga. Kila milimita ya upana hubeba ukuzaji wa mara mbili hivi; lenzi ya milimita 60 ukiipitisha mara 120, unachokuza ni ukungu tu. Halafu darubini hizo huja na miguu mitatu myembamba. Ukiigusa, sayari ya Mushtari (Jupita) inaruka nje ya kioo, na kabla haijatulia Dunia imeshazunguka na kuiondoa kabisa. Nimeona watoto wakikata tamaa usiku wa kwanza kwa sababu hiyo, na inaniuma kila mara.

Tafuta darubini ya macho mawili yenye alama ya 10x50 au 7x50 (inakuza mara kumi au saba, lenzi ya mbele milimita 50), hata ya mtumba, mradi lenzi zisiwe na kuvu. Ijaribu mchana kwa kutazama nguzo ya stima iliyo mbali. Ukiona nguzo mbili, au macho yakianza kuuma, mrudishie mwenyewe. Usiku, egemeza viwiko juu ya ukuta wa paa au tangi la maji ili mikono isitetemeke, kisha tafuta Mushtari. Kandokando yake utaona vitone vidogo vimejipanga kwenye mstari: viwili, vitatu au vinne. Ndiyo miezi minne ambayo Galileo aliiona Januari 1610. Ichore. Kesho yake ichore tena, utakuta imehama. Ule wa ndani, Io, humaliza mzunguko kwa muda usiofika siku mbili. Sijui furaha inayoishinda hiyo kwa mtu anayeanza.

Kabla ya kutoa pesa kwa darubini kubwa, jitahidi kuchungulia kupitia ya mtu mwingine. Travelling Telescope, mradi wa Susan Murabana na mumewe Chu Owen, umekuwa ukipeleka darubini kwa wanafunzi na wananchi hapa Kenya. Ukisikia wako karibu nawe, nenda.

Naishi Umoja, orofa ya nne, na taa za barabarani zinanipiga hadi kitandani. Isitoshe, kuna darubini kama Hubble huko juu. Kuangalia kwangu kunamfaa nani? (Msomaji, Umoja)

Dada, swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii.

Aliyegundua kovu jeusi kwenye Mushtari tarehe 19 Julai 2009 hakuwa na Hubble. Ni Anthony Wesley, Mwaustralia, kwa darubini yake ya nyumbani. Kitu fulani kilikuwa kimeigonga sayari. Alitoa habari, darubini ya NASA iliyoko Hawaii ikathibitisha, na siku chache baadaye Hubble yenyewe ikageuzwa kutazama alichokiona yeye. Darubini kubwa zina foleni ndefu na muda wake hugawanywa kwa saa. Haziwezi kuikodolea nyota moja kila usiku kwa miaka na miaka. Mtu aliye juu ya paa lake anaweza.

Kazi ninayokupendekezea haihitaji hata darubini. Januari na Februari, mwendo wa saa tatu usiku, kundi la nyota la Jabari (Orion) huwa juu sana angani kwetu; utamjua kwa nyota tatu za mkanda wake. Bega lake moja ni nyota nyekundu, Betelgeuse. Nyota hii hubadilika mwangaza. Mwishoni mwa 2019 ilianza kufifia, na ilipofika Februari 2020 ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya mwangaza wake wa kawaida, hata watu wa kawaida wakaona kwamba Jabari amepoteza bega. Wataalamu walikuja kueleza kwamba ilikuwa imetema gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, na vumbi likatufunika tusiione vizuri. Mwenendo wote huo ulifuatiliwa usiku kwa usiku na watazamaji wa kujitolea, wengi wao kwa macho tu.

Hufanywa hivi. Upande mmoja wa Jabari kuna Aldebaran, nyota ya rangi ya chungwa, yenye kipimo cha mwangaza cha 0.9. Upande wa pili kuna Procyon, 0.4. Katika vipimo hivi namba ndogo ndiyo nyota angavu zaidi. Unaitupia jicho Betelgeuse, unahamia Procyon, unarudi, unahamia Aldebaran. Usiikazie macho ile nyekundu, kwa sababu rangi nyekundu hujilimbikiza jichoni na utaiona angavu kuliko ilivyo. Hakikisha nyota zote tatu ziko juu ya kutosha, maana iliyo karibu na mapaa hufifishwa na hewa nzito na moshi. Ikiwa Betelgeuse iko katikati ya hizo mbili, lakini karibu kidogo na Procyon, andika 0.6. Kwisha. Ni dakika tano, na taa za Umoja haziwezi kukuzuia kwa sababu nyota zote tatu ni angavu.

Makadirio hayo unaweza kuyapeleka bila malipo kwa AAVSO, shirika la Marekani la watazamaji wa nyota zinazobadilika lililoanzishwa mwaka 1911, ambalo hupokea kazi za watu wa nchi zote. Na fikiria: Januari na Februari, wakati wenzetu wengi wa Ulaya wamefunikwa na mawingu ya baridi, ndiyo miezi yetu ya anga safi. Jicho la Umoja usiku huo linaweza kujaza pengo ambalo hakuna mwingine atakayelijaza.

Ukitamani anga jeusi kabisa, shuka Barabara ya Magadi. Ukipita Kiserian na kuanza kuteremka Bonde la Ufa, milima ya Ngong inakukinga na mwanga wa jiji. Olorgesailie mvua ni chache na mawingu ni haba. Kule huna haja ya kuonyeshwa Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota unaokatiza anga.

Desemba niliona kimondo kikubwa cha kijani. Niliandika "saa 3 usiku, tarehe 14" nikatuma kwa watu wanaokusanya habari za vimondo. Wakajibu kwamba saa hiyo hakuna mwingine aliyekiona. Walidhani naota? (Msomaji, Eastleigh)

Hapana. Walisoma 3 yako kuwa saa tisa ya usiku. Wewe ulikuwa unasema 21:00.

Jambo hili lilinigharimu usiku mzima. Bado ninalo daftari langu la kwanza la Geminidi, vimondo vinavyofika kilele usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba. Nililala chali juu ya paa, South B, blanketi hadi kidevuni, tochi nimeifunga karatasi nyekundu ili macho yasipoteze mazoea ya giza. Ukurasa wa kwanza unasema "8 hadi 9: vimondo 6". Ukurasa wa tatu unasema "8 hadi 9: vimondo 31". Moja niliitoa kwenye simu, nyingine niliiandika kama nilivyozoea kusema mdomoni. Yapo mengine katikati ambayo hadi leo siwezi kuapa ni ya saa ipi. Na saa ndiyo kila kitu: saa mbili usiku vimondo hivyo huchomoza chini kabisa mashariki, ilhali saa nane viko juu kabisa, kwa hiyo idadi ileile ina maana mbili tofauti. Aliyepokea hesabu zangu alinijibu kwa upole kwamba hataweza kuzitumia. Alikuwa na haki.

Tangu siku hiyo naandika saa kwa mtindo wa 24, kisha natoa tatu kupata saa ya dunia, ambayo ndiyo watazamaji hupeana. Saa tatu usiku Nairobi ni 21:00. Saa ya dunia ni 18:00.

Tarehe nayo ina mtego. Kwa desturi ya Waswahili siku huanza jua linapotua, na mzee wa Mombasa akikuambia "usiku wa Jumatatu" anakusudia ule unaotangulia Jumatatu. Kijana wa Nairobi huenda anakusudia unaofuata. Andika tarehe zote mbili, 13/14, au sema usiku wa kuamkia siku fulani. Wataalamu wa nyota wenyewe waliona tabu ya kukata usiku vipande viwili: katika hesabu yao ya siku za Julian, siku hubadilika adhuhuri kwa saa ya dunia, yaani saa tisa alasiri yetu, na usiku wetu wote hubaki ndani ya siku moja. Tuma taarifa yako upya ukiwa na 18:00. Kimondo ulikiona.

Marehemu nyanya yangu wa Lamu alikuwa akisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Ni kweli? (Msomaji, South C)

Nyota hazileti mvua. Mwanga wa Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana (Pleiades), hutumia miaka 440 hivi kutufikia. Lakini nyanya hakusema zinaleta. Alikuwa anasoma kalenda. Kila mwaka, mwezi wa Mei, jua hupita upande wa kundi hilo na kulificha, kisha Juni linaonekana tena mashariki alfajiri. Miezi ya mwandamo hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo haimwelekezi mkulima lini ashike jembe. Kilimia hakihami, na jina lake limetoka kwenye kulima. Kabla usemi kama huo haujasimama, watu walitazama miaka mingi, wakalinganisha, wakapeana. Mvua siku hizi imebadilisha tabia, Kilimia hakijabadilika.

Nina ombi kwenu nyote. Jioni za Novemba hadi Februari, hesabuni nyota za Kilimia kwa macho tu. Mimi South B huona nne. Olorgesailie nimeona saba. Nitumieni idadi, mtaa, tarehe na saa, nami nitachapisha zote, tujue taa zimetunyang'anya kiasi gani na wapi.

Kile chuma kilichoanguka Makueni kilikuwa kimondo? (Msomaji, Athi River)

Hapana. Pete ile iliyoanguka kijijini Mukuku tarehe 30 Desemba 2024 ilikuwa ya chuma, na upana wake ulikuwa mita 2.5 hivi. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha kutenganishia sehemu za roketi. Kimondo halisi kikifika ardhini ni jiwe au chuma ghafi, kwa kawaida chenye gamba jeusi la kuungua. Ukiona chochote kilichoanguka, usikiguse; ita polisi, na uandike saa.

Nyota ya Kaskazini nimeitafuta nikiwa Ngong nikaikosa. Iko wapi? (Mwanafunzi, Karen)

Chini ya upeo wa macho. Nairobi iko nyuzi 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta, na nyota hiyo haichomozi kwetu. Tafuta Suheli badala yake, ile nyeupe angavu ya kusini jioni za Januari hadi Aprili. Mabaharia wa pwani waliitegemea hata jina lake likawa jina la kusini.

Binti yangu ana miaka kumi na anapenda nyota kupita kiasi. Kuna jambo gani kubwa linalokuja ambalo tunaweza kulingojea pamoja? (Mama, Kahawa West)

Tarehe 2 Agosti 2027 kuna kupatwa kwa jua. Litafunikwa lote katika sehemu za Misri na za Somalia. Nairobi litamegwa upande tu. Mnunulie miwani maalumu ya kutazamia jua, ya kweli, si miwani ya jua ya kawaida wala filamu ya eksirei.

Lakini la kungojea hasa ni Apophis. Ni mwamba wenye upana wa zaidi ya mita 300, na utapita kama kilomita 32,000 juu ya ardhi, chini ya setilaiti zinazoturushia televisheni. Wataalamu wameshahakikisha kwamba hautatugonga. Utaonekana kwa macho matupu kutoka Afrika, Ulaya na magharibi ya Asia, kama nyota ya kawaida inayotembea taratibu. Aprili ni mwezi wa masika, kwa hiyo panga mapema kutoka nje ya Nairobi kwenda upande mkavu. Utasoma kila mahali kwamba ni Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029, saa 21:46 ya dunia. Mwambie binti aongeze tatu: kwetu itakuwa 00:46, Jumamosi tarehe 14. Muanze kuutafuta tangu giza linapoingia Ijumaa, na kalamu iwe mkononi mwake.