Stika ya EN 15194

Mkuu, umeuliza kama stika ya EN 15194 kwenye fremu ya baiskeli ya umeme ni kibali cha dunia nzima. Hapana. Ni kiwango cha Ulaya cha baiskeli ya umeme ya kunyonga, yaani mota inakusaidia ukiwa unanyonga pedeli: nguvu ya kudumu ya mota isizidi wati 250, na ukifika kilomita 25 kwa saa mota inakata. Marekani sheria yao inataka chini ya wati 750, tena majimbo yana ya kwao.

Mimi fundi, Kariakoo. Juzi ililetwa moja, stika safi kabisa, nikavuta resi barabarani ikagonga 40 sijagusa pedeli. Hiyo Ulaya wanaihesabu chombo cha moto, stika au bila stika. Kwa hiyo ijaribu kabla hujalipa.