Jibu: Kwa nini kichekesho changu cha nyanya hakikuchekesha?

Ndugu, umeuliza kwa nini watu walinyamaza uliposema "nyanya ameiva". Wazo lako ni zuri, kwa sababu nyanya ni tunda la mchuzi na pia ni mama wa mzazi. Kilichokuangusha ni kiambishi a-. Ukisema "ameiva" tumeshajua ni mtu, ukisema "imeiva" tumeshajua ni ya kupikwa. Ngeli inafichua siri kabla utani haujafika.

Tafuta mahali ambapo sarufi haichagui upande. "Nyanya yangu" inafaa kwa wote wawili. Lakini kihusishi cha -a (kama "ya" katika "supu ya") ndicho kitamu kuliko vyote, maana hufuata ngeli ya kinachomilikiwa tu:

– Usiguse, hiyo ni supu ya nyanya.
– Sawa, na yangu iko wapi?

Mmoja anataja kiungo, mwingine anasikia mwenye supu, na wote wamesema Kiswahili sanifu. Hapo ndipo kicheko kinapotoka! Usiongeze maelezo baada ya hapo, tafadhali.

Jambo jingine: wasikilizaji waliozoea kusema "bibi" huenda wasione maana ya pili haraka. Kwao, mtaje kwanza nyanya mwenyewe, mwache akae mezani, ndipo ulete supu.