Barua kwa Nekesa: magurudumu ya milioni sita

Busia, Jumapili jioni

Mwanangu Nekesa,

Barua yako imenifikia, na mama yako amenisomea tena ile sehemu ya bei kwa sauti kubwa, nadhani ili na majirani wasiikose. Sisi hatujambo. Umeniuliza jambo moja tu: je, magurudumu ya kaboni ya shilingi milioni 6 za Uganda, yatakayoipunguzia baiskeli yako gramu 600, yanastahili pesa hizo? Najua swali lilikotoka. Tangu uliporudi kutoka Kigali Septemba 2025, ulikokwenda kutazama mashindano ya dunia ya baiskeli, hujatulia. Uliwaona wakikwea ule mlima wa Kimihurura wenye barabara iliyotandikwa mawe, ukarudi ukaanza kuiona baiskeli yako nzito, ilhali ulipoinunua ulinipigia simu usiku kunieleza kwamba unaweza kuiinua kwa mkono mmoja.

Nianze na hesabu. Wewe, baiskeli, nguo na chupa za maji mnafika kilo 70 hivi, na gramu 600 ni chini ya sehemu moja ya mia ya uzito huo. Mlima mkali wa kukuchukua saa nzima ungeumaliza nusu dakika mapema, na kwenye njia yako ya Jumapili, kutoka Kampala hadi Jinja, hakuna mlima wa saa nzima. Kuna vilima vya Mukono, kisha barabara inaingia msitu wa Mabira. Kwenye tambarare anayekula nguvu zako ni upepo. Ukitoka mwendo wa kilomita 15 kwa saa ukafika 30, nguvu ya kuukata upepo inaongezeka mara nane, si mara mbili, na sehemu kubwa ya upepo huo unapigwa nayo wewe mwenyewe, kifuani na mabegani. Rimu pana za kaboni husaidia kidogo, sikatai, lakini kuinama vizuri na kuvaa shati lisilopepea husaidia zaidi. Ni wewe uliyenisimulia habari za Greg LeMond, aliyeianza siku ya mwisho ya Tour de France ya mwaka 1989 akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, akafunga kwenye usukani vishikio vya kuegemeza viwiko, akashinda mashindano yote kwa sekunde 8. Vishikio vile kazi yake ilikuwa kumweka mgongo chini. Waganda waliipa baiskeli jina la maanyi ga kifuba, yaani nguvu za kifua, na hapo hawakukosea. Kifua ndicho injini. Nimekuambia hivyo tangu ulipokuwa ukiendesha baiskeli yangu ya Roadmaster kwa kupenyeza mguu chini ya bomba la juu kwa sababu kiti hukukifikia.

Kwa hiyo ungekuwa mteja mgeni aliyekuja kibandani kwangu, ningekuuzia tairi laini za milimita 28, nikakushauri uweke tyubu za lateksi, nikapunguza upepo ambao vijana wa siku hizi huujaza mpaka tairi linaruka kwenye kila jiwe, nikakubadilishia mnyororo uliolegea, na ungeondoka ukiwa mwepesi kuliko ulivyokuja huku milioni 5 na ushee zikiwa bado mfukoni mwako.

Lakini nikiandika hivyo namsikia babu yako akisema kwa kinywa changu, na hapo nakosa raha. Unajua nilikuwa nikivusha watu mpakani kwa baiskeli, kutoka geti letu hadi geti la Kenya, enzi ambazo boda boda ilikuwa baiskeli na hakuna aliyewazia pikipiki. Siku ambazo abiria walikuwa wachache nilikwenda Majanji, kando ya ziwa, kuchukua samaki aina ya mbuta na kuwaleta sokoni, na kutoka ziwani kuja Busia, kama unavyokumbuka, barabara inapanda karibu njia yote. Mwaka 1986 niliona katika duka la upande wa Kenya habu ya Sturmey-Archer ya gia tatu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma chenye gia ndani yake. Gia ya chini ilipunguza mzigo wa mguu kwa robo nzima. Niliijua hesabu hiyo kwa kichwa kama mtoto anavyojua jina lake. Nilianza kuweka pesa katika mkebe wa chai, na kufikia Krismasi zilikuwa zimetosha. Babu yako akaniambia nisubiri, kwamba kijana mwenye miguu hahitaji gia, kwamba pesa iliyotulia huzaa. Nikasubiri. Bei zilikuwa zikipanda kila wiki na pesa zangu hazikuzaa kitu. Mei 1987 noti zikabadilishwa: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na asilimia 30 ikakatwa juu yake. Nilipouhesabu mkebe upya, habu ilikuwa imekwenda, na zilizobaki zilitosha tairi mbili na kufuli.

Rafiki yangu Wafula hakuwa amesubiri. Alikuwa ameinunua habu ile ile, kutoka duka lile lile, mwezi wa Januari. Mwaka ule wote nilikuwa nikisukuma baiskeli kwa miguu kwenye kile kilima cha mwisho kabla ya mji, samaki wakinidondoshea maji kisiginoni, naye ananipita akiwa amekaa, anapiga mluzi. Samaki wake walifika sokoni wa kwanza, na wanaofika wa kwanza ndio wanaolipiwa bei kamili. Mluzi ule ninausikia hadi leo. Na kifua chake hakikuwa kikubwa kuliko changu, Nekesa. Tulikuwa na kifua kimoja. Tofauti ilikuwa ile robo.

Najua utasema, kama mama yako asemavyo kila ninapofika hapa, kwamba hadithi haikuishia kilimani. Ni kweli. Wafula hakuwa akiidondoshea habu mafuta katika kile kitundu chake kidogo, na kabla ya mwaka kwisha ilianza kuteleza. Hakukuwa na fundi wa kuifungua. Niliifungua mimi, juu ya mkeka wa bibi yako, nikatoa gia ndogo nne zinazoizunguka ile ya katikati, nikazipanga kwa mfuatano nilivyozitoa, nikazisafisha kwa mafuta ya taa, na jioni habu ikazunguka bila kelele. Ile furaha sijaipata tena, labda siku uliyozaliwa, na hata hapo nilikuwa na usingizi. Kazi iliyokulipia ada ilianzia kwenye mkeka ule, kwa kitu ambacho mwenzangu alikinunua na mimi nikaogopa kukinunua.

Sasa nijijibu mwenyewe. Wafula alinunua chombo cha kazi, na habu ilimrudishia pesa zake kwa samaki. Magurudumu yako hayatakurudishia hata shilingi. Kweli. Lakini hukuniambia unayataka kwa ajili ya pesa, na mimi pia, nikisema ukweli, sikuitaka habu kwa ajili ya samaki tu. Niliitaka kwa sababu ilikuwa imetengenezwa vizuri. Kifua ndicho injini, narudia, lakini mwenye injini naye ana macho. Swali ambalo ningetamani uniulize ni hili: hizo milioni 6 zimewekwa kwa ajili ya nini kingine? Kama ni kodi ya nyumba, au ile ada ya mdogo wako uliyoahidi, basi funga barua hii ukalale. Kama ziko katika mkebe zikisubiri tu kwa sababu mzee fulani alisema kusubiri ni busara, hapo ushauri wangu unaniishia.

Jambo moja ni la kifundi. Ukivunja spoki ya baiskeli ya kawaida pale Iganga, mvulana yeyote chini ya mwembe atakuwa nayo. Spoki bapa za magurudumu yale hatakuwa nazo, na utarudi Kampala juu ya teksi.

Sitakuambia ununue, na sitakuambia usinunue. Mama yako amenikataza, na amesimama nyuma yangu ninapoandika. Ila ukipata nafasi, waulize wauzaji urefu wa spoki hizo kwa milimita, za mbele na za nyuma, za kushoto na za kulia kwa sababu hazilingani, uniandikie. Alhamisi ninavuka upande wa pili kuchukua vipuri, na naweza kuulizia.

Baba yako