Choo cha mwanafunzi mwenye ulemavu kimegeuka stoo. Tuanzie hapo

Ujumbe uliozaa makala hii umetoka kwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi moja ya kijijini, Tanzania Bara. Anasema walijenga choo kipya kwa force akaunti, yaani shule yenyewe kununua vifaa na kuajiri fundi, wakatenga tundu moja la wanafunzi wenye ulemavu na kuliandika mlangoni kwa rangi ya bluu. Miezi minne baadaye tundu hilo limejaa majembe na mafagio na limepigwa kufuli. Binti wa darasa la sita anayetumia kiti mwendo haonekani shuleni siku nne au tano za kila mwezi. Anauliza wamekosea wapi, na wafanye nini ilhali fedha zimekwisha.

Swali hili linauma, kwa sababu hapa nia ilikuwepo na fedha zilitumika, na bado mtoto yuko nyumbani. Katika mipango mingi ya shule binti huyu huhesabiwa mara mbili: kwenye orodha ya wasichana na kwenye orodha ya wenye ulemavu. Taulo za kike zinapoletwa, hakuna anayejiuliza atazibadilishia wapi. Choo cha wenye ulemavu kinapojengwa, hakuna anayekumbuka kwamba atapata hedhi. Ukitaka kujua kama shule ni jumuishi kweli, usisome mpango kazi wake. Nenda chooni.

Kamati nyingi huanza na hesabu ya matundu, na si vibaya. Mwongozo wa taifa wa maji na usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 260 inahitaji matundu 13. Lakini hesabu hiyo haisemi nani anaweza kufika kwenye tundu na kuingia. Kabla ya kuita fundi, chora choo chote ardhini kwa majivu au chokaa kwa vipimo halisi, kisha mwombe mwanafunzi mwenyewe apite na kiti chake, akiwa na mwanamke anayemwamini, saa ambayo wenzake wako darasani. Zoezi hili halizidi nusu saa, nalo huokoa gharama za kubomoa.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni njia ya mteremko. Fundi aliyezoea kupandisha toroli la zege atakujengea mteremko wa mita mbili kwenye msingi wa nusu mita, na hapo mtoto hapandi hata akisukumwa. Kipimo ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Sakafu ya choo ikiwa juu ya ardhi kwa sm 45, njia iwe na urefu wa mita 5.4. Upana uwe sm 120. Pembeni jenga ukingo wa sm 10 ili gurudumu lisidondoke, na juu, mbele ya mlango, weka jukwaa tambarare lenye upana wa sm 150 na urefu wa sm 200, kwa sababu mtu hawezi kufungua mlango huku kiti kinarudi nyuma. Jaza mawe na kifusi chini, kisha mwaga zege la sm 10 la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kwa njia hiyo ya mita 5.4, zege la juu litakula mifuko minne hadi mitano ya saruji, mbali na kuta za pembeni na jukwaa. Zege likiwa bado bichi, pitisha ufagio mgumu kwa kukatiza njia ili pabaki mikwaruzo. Zege lililosuguliwa likang'aa huteleza mvua ikinyesha.

Mlango nao una mtego wake. Ukiagiza fremu ya sm 90, ukitoa mbao za fremu na unene wa mlango unaobaki kwenye bawaba, nafasi ya kupita hubaki kama sm 80. Agiza fremu ya sm 100. Mlango ufunguke kwa nje, maana ukifunguka kwa ndani mtoto akianguka nyuma yake hakuna wa kumfikia. Upande wa ndani pigilia mpini mrefu uliolala, ili aliyeketi auvute mlango bila kujinyoosha mpaka apinduke. Komeo liwe sm 80 au 90 kutoka sakafuni, la kusukuma kwa kiganja. Usiache kizingiti hata cha sm 3.

Ndani, nafasi ya sm 150 kwa 200 ndiyo ya chini, na mduara wa sm 150 ubaki wazi ili kiti kigeuke. Kiti cha choo kinaweza kujengwa kwa tofali na kulainishwa kwa niru ya saruji au kuwekewa vigae, kimo cha sm 40 hadi 45. Kishikizo cha bomba la chuma la inchi moja na nusu kiwe sm 70 hivi kutoka sakafuni, kikiacha sm 5 kati yake na ukuta ili vidole vipite. Kifukiwe ndani ya ukuta kabla ya lipu. Kikibandikwa kwa skrubu baada ya lipu hung'oka, na hung'oka siku mtoto amekiegemea kwa uzito wake wote.

Kumbuka pia kwamba baiskeli ya magurudumu matatu, ambayo vijijini wengine huitumia badala ya kiti mwendo, haitaingia hata ukifuata vipimo hivi. Mtoto anayeitumia ataiacha nje na kutambaa. Kwake sakafu kavu na safi ina thamani kuliko vigae. Weka ndara za kuvaa mikononi au kipande cha mkeka wa plastiki mlangoni, na sakafu ioshwe kabla ya saa ya mapumziko.

Sasa kufuli. Tundu lile limegeuka stoo kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote na shule haina stoo. Tatizo la stoo lisipotatuliwa, majembe yatarudi hata ukiyatoa leo. Tafuta sanduku la mbao au kona ya ofisi kwanza. Kufuli la nje liondolewe kabisa. Kumkabidhi ufunguo mwalimu wa kike kunaonekana ni busara, lakini siku yuko semina, binti anarudi nyumbani. Kama mnaogopa watu wa nje usiku, fungeni lango la uzio jioni na kulifungua kabla ya kengele ya kwanza.

Na nani anaosha? Katika shule nyingi wasichana hufagia vyoo na kubeba ndoo za lita 20, wavulana hupiga kengele na kukata majani. Nalisema bila kumumunya maneno: huwezi kufundisha usawa wa jinsia darasani saa tatu huku zamu ya maji ya saa moja ni ya wasichana peke yao. Andikeni zamu moja, majina yakifuatana kwa namba za rejista, bila kutazama jinsia. Maji yawe ndani ya choo cha wasichana, si kwenye bomba la uwanjani. Kuwe na ndoo yenye bomba chini, sabuni, ndoano ya kutundikia sketi, na chombo chenye mfuniko cha taulo zilizotumika. Zikitupwa shimoni hulijaza haraka na kuziba mpira wa gari la majitaka siku ya kunyonya.

Kuhusu taulo zenyewe, msitegemee bei ya dukani kushuka. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019 kwa hoja kwamba mlaji hakuona nafuu. Taulo hubadilishwa kila saa nne hadi sita, kwa hiyo kwa siku ya masomo ya saa saba mhesabie kila binti mbili za shuleni, yaani kumi kwa hedhi ya siku tano. Za kushona za kitambaa, sita zinamtosha mmoja akiwa na pa kuzifulia: maji baridi kwanza, maana ya moto hugandisha doa, kisha sabuni, kisha jua. Kuzificha chini ya godoro huziacha na unyevunyevu. Anayekaa kwenye kiti kutwa abadilishe mapema zaidi, kwa sababu ngozi inayokaliwa ikiwa na unyevu huchubuka na kuwa kidonda. Mshonee ndefu zaidi upande wa nyuma, na chupi ya kufungwa kwa kamba pembeni, ili aivae bila kusimama.

Binti asiyeona ashikishwe taulo mikononi, aguse upande wa gundi kwa kidole, arudie mpaka aweze peke yake. Vitu vya chooni visihamishwe bila kumwambia: ndoo ikiwa kushoto, ibaki kushoto. Binti kiziwi hasikii mtu akibisha hodi. Mlangoni weka kibao cha kugeuza kinachoonyesha nje kwamba kuna mtu, na matroni ajifunze ishara za hedhi, maumivu na "nimeguswa" kwa Lugha ya Alama ya Tanzania. Ishara hiyo ya tatu isikosekane. Kwa mwenye ulemavu wa akili, mazoezi yaanze miezi kadhaa kabla ya hedhi ya kwanza. Avae taulo safi saa chache, aitoe, aitupe mahali pake, arudie. Picha za hatua zibandikwe ukutani usawa wa macho yake.

Jambo moja hupita bila kuonekana: msukuma kiti. Mara nyingi ni dada mdogo au rafiki wa kike, anayekosa dakika za kipindi kila siku kwa sababu "wasichana ndio wana huruma". Njiani na uwanjani wavulana nao waingie zamu. Msaada wa chooni utolewe na mtu mzima wa kike aliyekubaliwa na binti mwenyewe na mzazi wake, na jina la wa pili liwepo endapo wa kwanza hayupo.

Kwa shule iliyoniandikia, kuhamisha majembe, kutoa kufuli, kupanga zamu upya na kushusha komeo ni kazi ya wiki hii, na komeo ndilo pekee linalohitaji senti. Njia ya mteremko iombewe saruji na mchanga kwa wazazi, vipimo vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi atakayopewa fundi. Kwa mengine mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati waiandikie halmashauri, wakitaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na kuambatisha picha na vipimo vya choo kilivyo sasa. Barua yenye sentimita ni ngumu kuijibu kwa maneno matupu.

Halafu fungueni rejista ya darasa la sita. Wekeni alama kwenye siku alizokosa binti huyu miezi mitatu iliyopita, na mlinganishe na miezi mitatu ijayo. Siku zikibaki zilezile, msimlaumu. Matroni amwendee akiwa peke yake, amuulize ni kipi bado kinamzuia, na aandike jibu lake neno kwa neno kwa ajili ya kikao kijacho cha kamati, bila kutaja jina lake.