Jibu: LED ya ndani kwa mwanga wa balbu tu
Ndugu, umeuliza kwa nini paneli ya sola uliyoitoa kwenye taa ya bustani inawasha LED ukiwa uani, lakini sebuleni chini ya balbu haitoi kitu. Waya zako ziko sawa. Tatizo ni mwanga wenyewe. Jua kali la mchana hufika laksi (kipimo cha mwanga) 100,000. Sebule yenye taa hupata kama 200 au 300. Macho yetu hujirekebisha ndiyo maana hatuoni pengo hilo, ila paneli inaliona.

Halafu hizo paneli za kawaida za bluu, kwenye mwanga hafifu volti zake huporomoka. Tafuta ile ya kahawia iliyokoza, kama iliyo kwenye kalkuleta. Hiyo inaumudu mwanga wa ndani.

Hata hivyo usitegemee LED iwake mfululizo. LED nyekundu kwa miliampia 5 hula kama miliwati 10, na paneli yenye ukubwa wa kiberiti hapo mezani itakupa maikrowati makumi kadhaa tu. Kwa hiyo kusanya kwanza: paneli, dayodi ya Schottky ili umeme usirudi nyuma usiku, kapasita ya kuhifadhi umeme, kisha saketi ya kumwesha LED. Mweko wa milisekunde 20 kila sekunde 5 unadai wastani wa maikrowati 40, na hizo zinapatikana. LED nyeupe iache kwanza, inataka karibu volti 3.

Ukipima paneli, ipime ikiwa na mzigo, yaani imeunganishwa na kitu kinachotumia umeme. Bila mzigo, multimita itakuonyesha volti nzuri zisizo na nguvu yoyote nyuma yake.