Maswali yenu ya fedha: Makombora yakiruka Ghuba, niuze hisa?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu vita. Zile zinazouliza "ninunue nini sasa?" bila kutaja pesa ni za nini na zitahitajika lini nimeziweka kando. Nilishasema sizijibu, na bado zinaletwa.

Nina hisa za Safaricom na za benki mbili. Nikisikia tishio la vita Mashariki ya Kati, niuze zote ningoje hali itulie? – Msomaji, Kondele

Nawe pia hukusema kama ni pesa za karo ya Januari au za uzeeni. Kama ni za karo, uza leo, vita viwepo visiwepo, kwa sababu hazikufaa kuwekwa huko tangu mwanzo. Kama ni za miaka kumi ijayo, nisikilize.

Mara nyingi soko huumia zaidi wakati wa kungojea vita kuliko vita vyenyewe. Iraq ilipoivamia Kuwait Agosti 1990, hisa za New York zilishuka hadi Oktoba, mafuta nayo yakapanda. Januari 17, 1991 Marekani na washirika wake wakaanza kuishambulia Baghdad. Siku hiyo bei ya mafuta ilianguka kwa karibu thuluthi moja, na hisa zikapanda. Waliouza Oktoba kwa woga walikuwa wametazama habari zilezile unazozitazama wewe. Tena Februari 24, 2022 Urusi ilipoingia Ukraine, faharasa ya S&P 500, inayopima hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, ilianza siku ikiwa chini kwa zaidi ya asilimia 2, ikafunga ikiwa juu kwa asilimia 1.5.

Lakini asije mtu kuninukuu kwamba vita havina neno. Mwaka huohuo wa 2022 uliishia hisa za Marekani zimepoteza karibu asilimia 20. Vita vilisukuma bei ya mafuta, ngano na mbolea juu ya mfumko ambao tayari ulikuwepo, na Benki Kuu ya Marekani ikapandisha riba kutoka karibu sufuri hadi zaidi ya asilimia 5 kufikia katikati ya 2023. Mwekezaji wa ng'ambo mwenye hisa Nairobi akapiga hesabu: serikali ya Marekani inamlipa asilimia 5 kwa dola bila jasho, ya nini kukaa na shilingi inayoteleza? Akauza. Hisa ya Safaricom iliyovuka Sh40 mwaka 2021 ilikuwa chini ya Sh15 mwishoni mwa 2023. Gharama za kuingia Ethiopia ziliongeza uzito, ila wageni ndio walioongoza kutoka.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama vita fulani vitagusa hisa zako, tazama mambo matatu: bei ya mafuta, dola na riba. Yakitulia, lala.

Iran na Israel wakirushiana makombora, kwa nini mimi wa bodaboda Ahero ndiye ninayelipa? – Dereva, Ahero

Kwa sababu Mlango-Bahari wa Hormuz, kati ya Iran na Oman, mwaka 2024 ulipitisha takriban mapipa milioni 20 kwa siku, kama sehemu moja kwa tano ya mafuta yanayotumika duniani, nasi mafuta yetu tunayatoa hukohuko Ghuba. Tangu 2023 tunanunua kwa mkopo kupitia mkataba wa serikali kwa serikali na kampuni za Saudia na Falme za Kiarabu.

Tazama Juni 2025. Israel iliishambulia Iran tarehe 13, na siku hiyo pipa la Brent, mafuta ghafi yanayotumiwa kupima bei ya dunia, likapanda asilimia 7. Tarehe 23 liligusa dola 81. Vita viliposimama, siku mbili baadaye lilikuwa chini ya dola 70. Hofu yote ilikuja na kuondoka ndani ya wiki mbili, kabla wengi wetu hatujajua kutamka Hormuz.

Huku kwetu bei hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, tarehe 14 ya kila mwezi na hufuata mizigo iliyokwisha kushushwa Mombasa. Ndiyo maana jioni ya tarehe 14 unakuta pikipiki zimepanga foleni kituoni, kila mmoja akitaka kujaza tangi kabla ya saa sita usiku, na mhudumu anapangusa ubao akingoja kuandika bei mpya. Bei ya dunia ikipanda au kushuka, wewe utaisikia mwezi mmoja au miwili baadaye.

Na kwa kuwa hukuuliza, nakwambia mwenyewe: Julai 2023 ushuru wa VAT kwa mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Hilo halikutoka Tehran wala Tel Aviv, na vita vikiisha haliondoki.

Kuna kikundi cha Telegram kinatutumia ishara za kununua dhahabu na mafuta kila vita vinapokaribia. Wanalipisha Sh3,000 kwa mwezi. Ni sawa? – Kijana, Nakuru

Hapana.

Nimeandika hili mara nyingi hadi kalamu imechoka. Anayejua bei itakwenda wapi kesho hana shida na Sh3,000 zako. Wanachowauzia ni biashara ya kukopeshwa: kwa Sh10,000 unashika mzigo wa Sh1,000,000, na bei ikisonga asilimia moja tu upande usioutaka, mtaji wako umekwisha. Siku za vita, asilimia moja ni dakika chache. Ukishindwa kabisa kujizuia, angalia kwanza kama kampuni hiyo imo kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Nikubashirie? Haimo.

Bitcoin je, si kimbilio wakati wa vita? – Mwanafunzi, Maseno

Aprili 13, 2024 Iran ilipoirushia Israel droni ilikuwa Jumamosi usiku, masoko ya hisa yamefungwa. Bitcoin ndiyo iliyouzwa kwa hofu. Jijibu.

Sisi tunachimba dhahabu Rosterman. Tunasikia bei imepanda kwa sababu ya vita. Tuuze au tuhifadhi? – Mchimbaji, Kakamega

Mulembe. Hili ni swali la mtu anayeijua kazi yake. Dhahabu ilivuka dola 2,000 kwa aunsi kwa mara ya kwanza Agosti 2020, na Oktoba 2025 ikavuka 4,000. Vita ni sababu moja tu. Nyingine ni kwamba 2022 nchi za Magharibi zilizuia karibu dola bilioni 300 za akiba ya Urusi, na benki kuu nyingi zikajiuliza kama dola zao ziko salama. Dhahabu iliyo ndani ya kabati lako haizuiwi na mtu kwa barua.

Ila shida yenu haiko London, inakopangwa bei ya dunia. Iko kwa yule mnunuzi anayekuja na mizani ndogo na simu, anayeijua bei ya leo ilhali ninyi mnaijua ya mwaka jana. Aunsi ni gramu 31.1. Chukua bei ya aunsi, gawanya kwa 31.1, zidisha kwa bei ya dola. Dhahabu ikiwa dola 4,000 na dola ikiwa Sh129, gramu safi ni zaidi ya Sh16,000. Yenu si safi kabisa, atakata kiasi, na ni haki yake. Lakini mfanyeni aseme anakata ngapi na kwa nini, kabla hajaiweka kwenye mizani.

Kuhifadhi ni sawa kama mna pa kuhifadhi. Na zebaki mnayonasia dhahabu msiichomee jikoni. Moshi wake huingia kwenye mapafu ya watoto wenu, na hakuna bei itakayofidia hilo.

Nina shamba la chai, pia nina hisa chache za kampuni za chai. Vita vya Sudan vinanihusu? – Mkulima, Nandi Hills

Sana, kuliko hata vya Ukraine. Februari 2025 kundi la RSF linalopigana na jeshi la Sudan, na washirika wake, walikutana Nairobi kutia saini makubaliano yao. Machi serikali ya Sudan ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Ona basi: majani yako na hisa zako vinategemea wanunuzi walewale. Ukitaka kupunguza hatari, hisa zako zisiwe tena za chai. Nashangaa dalali wako wa hisa hakukwambia.

Chama chetu kina Sh400,000. Wengine wanataka tununue dola kwa sababu ya vita, wengine dhamana za serikali. – Mweka hazina, Siaya

Mama, Januari 2024 watu walipanga foleni kununua dola kwa Sh160. Katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu Sh129. Waliokimbilia usalama walipoteza karibu shilingi moja kwa kila tano, na hakuna risasi iliyolia.

Mwezi wa Februari, kati ya hofu hiyohiyo, serikali iliuza bondi ya miundombinu isiyotozwa kodi kwa riba ya zaidi ya asilimia 18. Wenye subira wanakula faida yake hadi leo. Sisemi riba hiyo itarudi. Nasema chama kinachotumia shilingi kiweke akiba kwa shilingi. Fungueni akaunti ya DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununulia dhamana za serikali, na mchague muda unaolingana na siku mtakayogawana. Mkigawana Desemba, msinunue bondi ya miaka 15.

Vita vya tatu vya dunia vikilipuka, hisa zangu nitaziuzaje? – Msomaji, Bungoma

Mwaka 1914 soko la New York lilifungwa kwa zaidi ya miezi minne. Hutaziuza.

Basi si heri niuze hisa ninunue ploti Riat? Ardhi haina vita. – Msomaji, Kisumu

Ardhi haina vita! Omera, umewahi kuingia mahakama ya ardhi? Ukiuza hisa Nairobi, pesa zinafika baada ya siku tatu za kazi. Ploti yako itangoja mnunuzi miezi, na akija atakuuliza swali ninalokuuliza mimi: umethibitisha hati kwa msajili wa ardhi, au umeonyeshwa nakala na dalali chini ya mti? Niletee kwanza jibu la msajili.